"Sikumuona": Gari lina kamera, dereva hatazami

Gari likimgonga mwendesha pikipiki, neno la kwanza la dereva huwa lilelile: "Sikumuona." Atamwambia hivyo askari wa usalama barabarani, atawarudia ndugu wa majeruhi hospitalini, na mara nyingi hasemi uongo. Hakumuona kweli. La kujiuliza ni hili: mtu mzima, juu ya pikipiki yenye taa na honi, anapoteaje machoni mwa dereva aliyeketi ndani ya gari lenye kamera, sensa na vioo vitatu?

Swali hilo linahusu familia zaidi ya tunavyodhani, kwa sababu nyumba nyingi za mijini zina watu pande zote mbili. Baba anatoka na gari saa kumi na moja alfajiri ili aiwahi foleni. Saa kumi na mbili bodaboda wa mtaani, yule anayelipwa kwa mwezi, anabisha hodi kumchukua mtoto kumpeleka shule. Shangazi anarudi sokoni kwa pikipiki akiwa na mfuko wa mboga mapajani. Anayesoma ujumbe huku ameshika usukani katika Barabara ya Morogoro anaweza kuwa mzazi wa mtoto ambaye saa hiyohiyo yuko mgongoni mwa bodaboda kule Mwenge, akitegemea dereva mwingine awe makini.

Gari linamlinda nani?

Historia ya usalama wa magari ni ya kujivunia. Mwaka 1959 mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, alibuni mkanda wa kiti unaoshika kwenye pointi tatu, na kampuni hiyo ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Baadaye zikaja breki zinazozuia magurudumu kujifunga, mifuko ya hewa, na bodi inayobonyea mbele ili nguvu ya mgongano isimfikie abiria. Vitu hivi vimeokoa watu wengi sana.

Lakini angalia vizuri: karibu vyote vinamlinda aliye ndani. Kwa aliye juu ya pikipiki, bodi ya gari ni chuma cha kumgonga, na mfuko wa hewa wa dereva haumsaidii kitu. Yeye ana kofia ngumu, koti, na umakini wa mwenye gari. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021. Zaidi ya nusu walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki.

Kizazi kipya cha teknolojia kimeanza kutazama nje. Subaru ilileta mfumo wake wa kamera mbili uitwao EyeSight nchini Japan mwaka 2008, na Toyota ikafuata mwaka 2015 na Toyota Safety Sense. Mifumo hii huitazama barabara, humpigia dereva mlio akikaribia kugonga, na ikibidi hufunga breki yenyewe. Inafanya kazi. Taasisi ya bima za usalama barabarani ya Marekani, IIHS, imeona kwamba magari yenye breki za kujifunga yanagonga gari la mbele karibu nusu tu ya ilivyokuwa kwa magari yasiyo nazo.

Magari hayo sasa yanashuka katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yametumika, na hapo huanza kichekesho chenye uchungu. Mwenye gari anawasha injini, sauti ya mwanamke inasema jambo kwa Kijapani, naye anaendelea na safari. Mara nyingi sauti hiyo inakumbusha tu kadi ya kulipia tozo za barabara za Japan. Ila maonyo mengine nayo huandikwa kwa lugha hiyohiyo kwenye dashibodi, na dereva hajui lipi linahusu kadi na lipi linahusu maisha ya mtu. Akichoshwa na milio, fundi anaombwa aizime.

Jicho linalotazama bila kuona

Si kila dereva anayemgonga mwendesha pikipiki alikuwa mzembe wa waziwazi. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Walikuta kwamba, pale pikipiki ilipogongana na chombo kingine, katika thuluthi mbili ya ajali hizo dereva wa chombo kile ndiye aliyeingilia njia ya pikipiki. Wengi walisema hawakuiona, au waliiona wakiwa wamechelewa.

Sababu ya kwanza ni akili yenyewe. Mwaka 1999 wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya vijana wanaopasiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa kama sokwe alipita, akajipiga kifua, akaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumuona. Macho yao yalikuwa palepale, lakini akili ilikuwa inahesabu. Dereva anayengoja kuingia barabara kuu naye anatafuta kitu kikubwa: lori, daladala, basi. Akiona hakuna, akili inamwambia njia ni nyeupe, hata kama pikipiki iko mita thelathini.

Sababu ya pili ni udogo wa pikipiki. Kitu chembamba kinachokuja moja kwa moja huonekana kiko mbali na kinakwenda polepole kuliko ukweli. Dereva anakadiria, anaingia, kumbe mwenzake amekwisha fika.

Ya tatu huwashangaza wengi, maana imetokana na usalama wenyewe. Nguzo mbili zinazoshika kioo cha mbele zimenenepa katika magari mengi ya kisasa, ili paa lisibonyee gari likipinduka. Nyuma ya nguzo hiyo pikipiki nzima inaweza kujificha. Gari na pikipiki vikielekea njia panda moja kwa mwendo unaolingana, inaweza kubaki imefichwa hadi hatua ya mwisho. Mwendesha pikipiki analiona gari lote, na kwa kuwa anaona, anaamini naye anaonekana.

Rada nayo ina mipaka

Basi si kazi ya kamera kuziba pengo hilo? Kwa kiasi, ndiyo. Shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, Euro NCAP, lilianza mwaka 2023 kupima kama breki za kujifunga zinaitambua pikipiki. Tangu Julai 2024 Umoja wa Ulaya unadai kila gari jipya liwe na mfumo wa kumzindua dereva anayesinzia. Ni hatua njema.

Lakini angalia tarehe hizo. Magari mengi yaliyoko barabarani Afrika Mashariki yalitengenezwa kabla ya hapo, wakati jaribio kuu lilikuwa kutambua mgongo wa gari jingine. Kamera iliyo juu ya kioo cha mbele inahitaji kioo safi. Tope, vumbi na mvua ya masika huipunguzia nguvu. Kioo kikipasuka na kubadilishwa, kamera inapaswa kupimwa upya, la sivyo inaweza kutazama pembeni. Na hakuna rada inayoelewa vizuri foleni ambamo pikipiki zinapita kushoto, kulia na katikati ya magari kwa wakati mmoja.

Hatari kubwa zaidi ni dereva kuamini kwamba kuna mwingine anayetazama kwa niaba yake. Mwaka 1975 mchumi Sam Peltzman wa Chicago alidai kwamba watu wakipewa magari salama zaidi huendesha kwa kujiachia, na sehemu ya madhara huwaangukia walio nje. Hoja yake inabishaniwa hadi leo. Hata hivyo, mwendesha bodaboda yeyote anamfahamu dereva anayerudi nyuma akikodolea skrini ya kamera bila kugeuza shingo, au anayebadili njia kwa sababu tu kitaa cha kioo cha pembeni hakikuwaka.

Sekunde tatu za simu

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akiinamia simu kwa sekunde tatu, amekwenda mita 42 bila kuona, inayokaribia nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Ndani ya mita hizo yupo mtoto wa shule, yupo muuza karanga, yupo bodaboda anayekwepa shimo.

WHO inasema anayetumia simu akiendesha ana uwezekano wa kupata ajali karibu mara nne zaidi ya asiyetumia. Wengi hujitetea kwamba wanatumia spika au vifaa vya masikioni. Utetezi huo hauna nguvu, kwa sababu kinachokosekana si mkono bali akili. Anayegombana na mdaiwa wake kwa spika yuko kwa mdaiwa. Barabarani umebaki mwili wake. Na ile redio yenye skrini kubwa inayoonyesha muziki wa video mbele ya dereva imeongeza jingine la kumvuta macho.

Waendesha pikipiki wazoefu wamejifunza kusoma dalili. Gari linaloyumba taratibu ndani ya mstari wake, linaloacha nafasi kubwa mbele wakati foleni inasogea, au linalochelewa kuondoka taa za kuongozea zikiwa kijani: humo mna simu. Hutazama gurudumu la mbele kuliko indiketa, kwa sababu indiketa inaweza kusahauliwa, ila gurudumu likianza kukata, gari linakata. Hutafuta macho ya dereva kwenye kioo cha pembeni. Gari likiwa na vioo vya giza, wanakosa hata hilo, hivyo hulipa nafasi.

Bodaboda naye ajitazame

Haki haijengwi kwa kumlaumu mmoja. Wapo bodaboda wanaopakia mshikaki, wanaopita njia isiyo yao, wanaoendesha usiku bila taa na kuchomekea mbele ya lori ambalo dereva wake, kutoka kitini kwake, hawezi kuwaona hata akitaka. Wengine nao huegemeza simu ndani ya kofia ngumu na kuzungumza na mteja. Kamera haiwezi kumwokoa anayejitupa mbele ya gari.

Kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 40 na ya majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 70, ikiwa imevaliwa na kufungwa mkanda wake. Iliyotundikwa kwenye usukani kumtuliza askari haisaidii, na ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto wa miaka saba inaruka kabla hajafika chini.

Makubaliano ya nyumbani

Mengi hapa hayangoji sheria mpya wala gari jipya. Familia inaweza kukubaliana jioni moja mezani.

La kwanza, aliye njiani asipigiwe. Mke anayempigia mumewe mara tatu kuuliza amefika wapi, au bosi anayetaka jibu sasa hivi, naye anaushika usukani ule. Simu ikae kwenye mkoba kiti cha nyuma. Jambo la dharura lipo, na dereva anaweza kuegesha pembeni.

La pili, watoto waruhusiwe kumkumbusha mzazi. Mtoto anayesema "Baba, simu" asikaripiwe kwamba hana adabu. Anachotazama leo ndicho atakachofanya siku akipata leseni.

La tatu, kabla ya kukata kona au kuingia barabara kuu, dereva atazame mara mbili, na mara ya pili asogeze kichwa mbele na nyuma ili aone kilichofichwa na nguzo ya kioo. Ajiulize hasa: pikipiki iko wapi? Anayetafuta pikipiki huiona.

La nne, mlango. Kwenye foleni pikipiki hupita karibu sana, hasa kushoto. Dereva afungue mlango kwa mkono wa kushoto, na abiria wa upande wa kushoto afungue kwa mkono wa kulia. Mkono wa mbali hulazimisha mwili kugeuka, na macho hufuata nyuma. Watoto wafundishwe wakiwa bado wadogo, nao watashika haraka kuliko wakubwa.

La tano, anayenunua gari lililotumika atafute mtu wa kumtafsiria vitufe na maonyo, ajue gari lake lina nini na halina nini. Fundi akiombwa kuzima mlio, aulizwe kwanza mlio huo ulikuwa unasema nini.

La sita, bodaboda wa mtoto apewe masharti yanayoeleweka: mtoto mmoja, kofia yake yenye saizi yake, taa inayowaka mchana, na hakuna kukimbizana na kengele ya shule. Mzazi naye amtoe mtoto mapema, kwa sababu dakika kumi zilizopotea nyumbani huenda kulipwa barabarani kwa mwendo kasi. Na siku mzazi huyo akiwa ndani ya gari lake, ampishe bodaboda wa mtoto wa mwenzake kama angependa wake apishwe.