Goma: Gari la zamani likilala nje, shitingi peke yake haitoshi

Mjini Goma, si kila mwenye Peugeot 404 au 504 ana garaji ya kulifungia gari lake. Likilala nje, linanyeshewa na mvua ambayo si maji tu. Moshi wa volkeno Nyiragongo na Nyamulagira una gesi ya salfa, na gesi hiyo ikikutana na mvua inageuka asidi. Mabati ya nyumba yanashika kutu mapema. Chuma cha gari la miaka ya 1970 nacho hakiponi.

Wengi hukimbilia kulifunika kwa shitingi. Hapo ndipo kosa linaanzia. Plastiki inazuia mvua, lakini inafungia ndani unyevu unaopanda kutoka ardhini, na upepo wa ziwa ukiitikisa inasugua rangi. Afadhali kitambaa kinachopitisha hewa. Kama kuna shitingi tu, ifungwe juu ya miti minne kama paa, isiguse gari.

Majivu yakianguka, yasipanguswe kwa kitambaa kikavu. Ni chembe za mawe na kioo, zinachora rangi. Yamwagiwe kwanza maji mengi. Matundu madogo chini ya milango yazibuliwe pia, maana mlango huoza kuanzia ndani.

Gari litakalokaa miezi bila kutembea, waya wa batiri ufunguliwe, breki ya mkono iachiliwe na mawe yawekwe kwenye magurudumu. Tangi la chuma lijazwe, hata kama bei ya mafuta inauma, ili lisishike kutu ndani. Kuwasha moteri dakika mbili na kuizima kunadhuru: maji yanabaki ndani ya bomba la moshi.