Majibu ya kipimo cha mishipa ya fahamu: mbona yanapishana?

Wadau wa Ngara na Biharamulo, hili ni la wenye ganzi ya mikono au miguu, iwe ya kisukari au ya ukoma. Mtu anapimwa huku anaambiwa neva zimeharibika, kule anaambiwa hana tatizo. Mwisho anasema madaktari wanabahatisha. Tuangalie kinachotokea.

Kwenye hospitali kubwa kuna mashine ya kupima kasi ya umeme kwenye neva. Mpimaji anaushtua mshipa kidogo, anaangalia umeme umetumia muda gani, halafu anagawa umbali kwa muda. Umbali huo unapimwa kwa tepu juu ya ngozi! Piga hesabu: sentimita 20 kwa milisekunde 4 ni mita 50 kwa sekunde, kasi inayokubalika kwa mkono. Mwingine akisoma sentimita 18 kwa muda uleule, inakuwa mita 45, tayari unaitwa mgonjwa. Halafu kuna baridi: mkono ukipoa nyuzi 1, kasi inapungua kama mita 2. Asubuhi ya Ngara mnaijua wenyewe.

Kupima bila mashine nako kuna mambo. Mwaka 2010 timu ya Peter Dyck wa Mayo Clinic, Marekani, ilitoa matokeo ya madaktari 12 waliochunguza wagonjwa 24 wa kisukari. Walipishana mno. Baadaye walipokubaliana kuhesabu dalili zilizo wazi kabisa tu, wakakaribiana.

Kwa ukoma, kipimo ni ncha ya kalamu: unafumba macho, unaonyesha ulipoguswa. Mmoja akigusa taratibu na mwingine akikandamiza, majibu hayawezi kufanana. Na hapo ndipo penye hatari, maana ganzi mpya, ya chini ya miezi 6, inatibiwa kwa prednisoloni. Ikipitwa, vidole vinapinda moja kwa moja. Ikidhaniwa ipo kumbe haipo, unameza miezi kadhaa dawa inayopandisha sukari.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga safari ya Mwanza:
- Tunza kadi na majibu yote ya nyuma, nenda nayo.
- Ukiweza, rudi kwa mpimaji yuleyule.
- Kama mikono ni ya baridi, omba ipashwe moto kwanza.
- Majibu yakipishana, omba kurudiwa kabla ya kuanza au kuacha dawa.

Ila ukiona mkono au mguu unalegea ghafla, usisubiri, wahi hospitali. Wauguzi na waganga mliopo huko, mnapimaje? Karibuni tujadili.