Kuambiwa una maradhi ya figo si kuhukumiwa mashine

MTU anapoelezwa na daktari kuwa ana maradhi sugu ya figo, jambo la kwanza linalomjia akilini ni mashine ya kusafisha damu. Hofu hiyo huwafanya baadhi ya wagonjwa kukatiza kliniki na kukimbilia mitishamba, ilhali kipindi hicho ndicho muhimu zaidi katika kuziokoa figo.

Maradhi haya huitwa sugu iwapo hitilafu imedumu kwa zaidi ya miezi mitatu. Figo mbili, kila moja ikitoshana na ngumi, huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwa damu kila siku, na ni lita moja au mbili pekee zinazotoka kama mkojo. Zinapodhoofika, mara nyingi mgonjwa hahisi maumivu yoyote. Hii ndiyo sababu wengi hugundua wakiwa wamechelewa.

Madaktari huyagawanya maradhi haya katika hatua tano kwa kukadiria kasi ya uchujaji kutokana na kipimo cha damu cha kreatinini. Katika hatua ya tano, kasi hiyo huwa chini ya mililita 15 kwa dakika, na hapo ndipo mashine au upandikizaji wa figo huhitajika. Wengi walio katika hatua ya tatu hawafiki huko wakijitunza. Kwa hivyo, mgonjwa anapaswa kwanza kuuliza yuko katika hatua gani, na iwapo mkojo wake una protini.

Pili, aulize chanzo. Kisukari na shinikizo la damu ndivyo visababishi vikuu duniani, na kuvidhibiti kwa dawa kila siku ndiko kunakopunguza kasi ya uharibifu. Kuacha dawa za shinikizo kwa kuwa kichwa hakiumi ni kosa linalogharimu.

Tatu, dawa za maumivu zinazonunuliwa dukani, kama vile diklofenaki na ibuprofeni, huweza kuziumiza zaidi figo zilizodhoofika. Mitishamba isiyojulikana kipimo wala athari zake ni hatari vilevile.

Kwa wakazi wa Malindi, Kilifi na vijiji vya karibu, suala la chakula lina uzito wake. Papa na ng'onda wana chumvi nyingi, inayopandisha shinikizo. Madafu yana potasiamu kwa wingi. Madini hayo yakizidi katika damu ya mtu ambaye figo zake haziwezi kuyatoa, moyo unaweza kusimama. Birimbi nazo zina asidi ya oksaliki, na kumekuwa na visa vya watu kuharibikiwa na figo baada ya kunywa maji yake kwa wingi.

Hata hivyo, si kila mgonjwa anayepaswa kuacha madafu au ndizi. Vipimo vya damu ndivyo vinavyoamua, na mtaalamu wa lishe ndiye wa kuuliza. Vivyo hivyo, Mwislamu mwenye maradhi haya anafaa kumwona daktari kabla ya Ramadhani kuingia, kwani kukaa bila maji mchana kutwa kunaweza kumdhuru, na dini imemruhusu mgonjwa kula.

Anayefika hatua ya nne anapaswa kujiandaa mapema. Mshipa wa mkono unaotumika kwenye mashine hutengenezwa kwa upasuaji na huchukua wiki kadhaa kukomaa. Mkono huo haufai kutolewa damu ovyo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B pia hutolewa mapema.

Zamani, safari ya kusafishwa damu ilimaanisha kwenda Mombasa, takriban kilomita 120 kutoka Malindi. Mpango wa serikali wa kukodisha vifaa, ulioanza mwaka wa 2015, ulifikisha mashine katika hospitali za kaunti. Tangu Oktoba 2024, bima ya NHIF imerithiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), ambayo hugharamia huduma hiyo kwa waliosajiliwa na kulipa michango. Familia isisubiri mgonjwa azidiwe ndipo ikimbilie kusajili.

Hatimaye, ndugu na watoto wa mgonjwa nao wapimwe shinikizo, sukari na mkojo, kwani maradhi haya na visababishi vyake huweza kuandama ukoo.