GURUDUMU LA NYUMA LINALOCHEZA NA SPIDOMITA ISIYOSEMA KWELI
Maelezo kwa wenye gari za zamani wanaosafiri Tukuyu na Wilaya ya Rungwe

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanaosafiri Bara kwa gari za zamani wanafahamishwa kuwa gari iliyozoea barabara za visiwani bado haijajaribiwa. Unguja haina pahala panapopindukia sana mita 120 juu ya bahari. Mtu anaweza kwenda Makunduchi na Nungwi miaka mingi bila ya kujua kuwa gurudumu lake la nyuma limelegea, kwa kuwa hapana mteremko wa kumfichulia. Mteremko huo ataukuta akishaiacha njia kuu ya Zambia hapo Uyole, nje ya mji wa Mbeya, akashika njia ya Tukuyu. Barabara hupanda mpaka Isongole, zaidi ya mita 2,000, kisha huteremka hadi Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, penye mita zipatazo 1,600. Anayeendelea mpaka Kyela hushuka tena zaidi ya mita 1,000 kabla ya kulifikia Ziwa Nyasa. Mvua ya Tukuyu huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu si jambo la ajabu.

Maelezo haya yanahusu gari ambazo nguvu ya injini huenda magurudumu ya nyuma, kama vile Land Rover za zamani, pikapu za Hilux na Corolla za miaka ya 1970.

Uchunguzi wa gurudumu ufanywe kabla ya safari, pahala tambarare, na si ukingoni mwa mlima. Kwanza zikazwe nati za gurudumu, kwani aghalabu mchezo unaodhaniwa kuwa wa beringi huwa ni wa nati zilizolegea. Kisha magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe au magogo, mbele na nyuma, gia iwekwe huru, na gurudumu moja la nyuma linyanyuliwe kwa jeki. Gari iegemezwe juu ya stendi imara; jeki peke yake haiaminiki. Breki ya mkono iachiwe baada ya hapo, maana ikibaki imevutwa gurudumu halitazunguka na mchezo utafichika.

Shika tairi kwa mikono miwili, mmoja juu kabisa na mmoja chini kabisa, uitikise kama anayejaribu jino bovu. Mwenzako aangalie kwa ndani, kwenye nafasi iliyopo baina ya dramu ya breki na bamba lililo nyuma yake. Dramu ikitikisika na bamba likatulia, ubovu uko katika beringi. Vyote viwili vikienda pamoja, beringi haina makosa; zitazamwe bushi za springi na boliti zinazoifunga ekseli kwenye springi. Ama ukilizungusha gurudumu mbele na nyuma likacheza kidogo kabla ya kushika, huo ni mchezo wa meno ya difu na propela, na katika gari kuukuu kiasi chake ni cha kawaida. Wengi wameuziwa beringi mpya kwa ajili ya mchezo huu.

Dalili nyingine ni mvumo unaoongezeka kwa kadiri ya mwendo na kubadilika gari inapokata kona, na joto la gurudumu moja kupita la mwenziwe baada ya safari. Joto hilo lipimwe kwa kusogeza mgongo wa kiganja, pasi na kugusa. Dalili isiyofaa kupuuzwa hata siku moja ni oili ya difu kuonekana upande wa ndani wa tairi. Oili hiyo imeshapita kwenye sili na huenda imeshafika kwenye viatu vya breki. Visiwani dereva atasema breki ni nzito kidogo; katika mteremko wa Tukuyu, na mzigo wa ndizi nyuma, hatakuwa na nafasi ya kusema.

Lazima hapa itofautishwe gari na gari. Katika Land Rover nyingi za zamani za masafa marefu, uzito hubebwa na beringi mbili zilizo juu ya ganda la ekseli, na hafshafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, gurudumu hubaki mahali pake. Mchezo wake huondolewa kwa kukaza nati ya beringi huku gurudumu likizungushwa, kisha kuilegeza kidogo na kuifunga kwa kipande chake cha kuzuia. Beringi iliyobanwa mno huungua. Katika Corolla na pikapu nyingi, gurudumu limefungwa kwenye hafshafti yenyewe, nayo inashikwa na beringi moja iliyoshindiliwa. Beringi hiyo haina nati ya kukaza. Ikicheza hubadilishwa, na kikishikio chake kikiachia, hafshafti hutoka pamoja na gurudumu gari ikiwa mwendoni.

Tuje kwenye spidomita. Katika gari hizi huendeshwa kwa waya unaozunguka ndani ya mpira, kutoka mkiani mwa giaboksi, au kwenye giaboksi ndogo kwa Land Rover. Mshale ukifa lakini namba za masafa zikaendelea kuhesabu, saa yenyewe ndiyo mbovu. Vikifa vyote viwili, fungua waya nyuma ya saa na mwenzako aendeshe polepole: waya ukizunguka, saa imekufa, usipozunguka, uvute nje. Ukiwa umekatika umepata jibu, na ukiwa mzima, meno ya gia ndogo ndani ya giaboksi yamelika. Mshale unaotetemeka huonesha waya mkavu au uliopindwa mno.

Mshale unaweza pia kutulia na bado ukasema uongo. Tairi kubwa kuliko za asili kwa sehemu moja ya ishirini hufanya mshale wa 60 uwe mwendo wa 63. Pima kwa nguzo za kilomita barabarani: mshale ukiwa 60, kilomita moja ichukue sekunde 60. Ikichukua 57, unakwenda kasi kuliko unavyoonyeshwa. Tena tazama kama saa ni ya maili. Mshale wa 50 katika saa hiyo ni kilomita 80 kwa saa, na kikomo cha kisheria katika maeneo ya makaazi ni 50.

Ifahamike pia kuwa spidomita haiyajui magurudumu. Inajua giaboksi tu. Gari ikikwama kwenye tope, gurudumu moja likazunguka na jingine likasimama, mshale utapanda. Hafshafti ikikatika, utapanda vilevile na gari haiendi. Hiyo ni njia nyepesi ya kutofautisha hafshafti na klachi: klachi ikiteleza, injini hunguruma na mshale haupandi.

Kwa gari ya Serikali, siku spidomita inapokufa namba iliyosimama iandikwe katika daftari la safari pamoja na tarehe, na masafa yahesabiwe kwa nguzo za kilomita hadi itakapotengenezwa, ili mafuta yasikadiriwe kwa kubahatisha.