Albamu ya Kantri Iliyouzwa kwa Sauti Mbili

Aliyenunua "Come On Over" ya Shania Twain mjini Nashville, makao ya muziki wa kantri Marekani, mwishoni mwa 1997 na aliyeinunua London mwaka uliofuata walirudi nyumbani na CD zenye jina moja, mwimbaji mmoja na nyimbo 16 zilezile. Walipoziweka kwenye deki hawakusikia kitu kimoja. Katika ile ya Nashville fidla ililia kati ya mstari na mstari, na gitaa la stili, lile linalolazwa mlalo na kupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, lilikuwa mbele. Katika ile ya London vyombo hivyo vilishushwa sauti au vikaondolewa, na pengo lao likazibwa na vinanda vya umeme na ngoma za mashine. Sauti ya Twain haikubadilika.

Albamu hiyo ilitoka tarehe 4 Novemba 1997, na tangu hapo imeuza nakala zaidi ya milioni 40 duniani. Marekani peke yake ilithibitishiwa nakala milioni 20. Jambo la kushangaza ni kwamba haikuwahi kushika namba moja katika chati kuu ya albamu ya jarida la Billboard. Iliishia ya pili. Katika chati ya albamu za kantri, hata hivyo, ilikaa kileleni kwa wiki 50. Haikulipuka siku moja ikazimika. Iliuzwa wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, kila wimbo mpya ulipopelekwa redioni.

Ili kuelewa kwa nini ilihitaji sauti mbili, ni lazima kuijua redio ya Marekani. Vituo vya huko hujigawa kwa aina ya muziki, na kila kituo hulinda mipaka yake kwa sababu mipaka hiyo ndiyo inayoleta matangazo ya biashara. Kituo cha kantri kinataka sekunde za mwanzo tu zimhakikishie msikilizaji kwamba yuko kwao: fidla, banjo, gitaa la stili, lafudhi ya kusini. Kituo cha pop kikisikia dalili hizohizo kinauweka wimbo kando. Msanii anayetaka pande zote mbili analazimika kupita katika milango yenye walinzi wanaotaka vitambulisho tofauti.

Tatizo hilo halikuanza na Twain. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watayarishaji wa Nashville, wakiongozwa na Chet Atkins na Owen Bradley, waliipunguza fidla na gitaa la stili, wakaweka mahali pake vayolini nyingi zinazopigwa kwa pamoja na kundi la waitikiaji wenye sauti laini. Kwa njia hiyo Patsy Cline aliimba "Crazy" mwaka 1961, wimbo wa Willie Nelson, ukaingia chati za kantri na za pop. Jim Reeves aliimba kwa mtindo huohuo, mdomo karibu na maikrofoni. Wapenzi wa Jim Reeves na Kenny Rogers katika Afrika Mashariki, ambao kwa miongo mingi wamezisikia sauti hizo redioni hasa Jumapili, mara nyingi huziita kantri halisi ya zamani. Ukweli ni kwamba nyingi ya nyimbo hizo tayari zilikuwa zimelainishwa ili zivuke mipaka, na huenda ndiyo maana zilifika mbali hivyo.

Dolly Parton naye alipitia hapo. Mwaka 1977, aliporekodi "Here You Come Again", aliomba gitaa la stili liongezwe ili mashabiki wake wa kantri wasidhani amewahama. Chombo kimoja kilitosha kubeba uaminifu wote huo.

Aliyekuja na jibu jipya ni Robert John Lange, ambaye wanamuziki humwita Mutt. Alizaliwa mwaka 1948 Mufulira, mji wa migodi ya shaba katika Zambia ya leo, akakulia Afrika Kusini. Kabla ya kukutana na Twain alikuwa ametayarisha "Back in Black" ya AC/DC mwaka 1980 na "Hysteria" ya Def Leppard mwaka 1987. Hiyo ya pili ndiyo ufunguo. Lange na kundi hilo walitaka albamu ya roki ambayo kila wimbo wake ungeweza kusimama redioni peke yake, na singo saba zikatoka humo. Walirekodi sauti za kuitikia tabaka juu ya tabaka hadi watu watano wakasikika kama uwanja mzima wa mpira.

Twain kwa upande wake alitoka mbali na Nashville. Alizaliwa Windsor, Ontario, mwaka 1965, kwa jina la Eilleen Edwards, akalelewa Timmins, mji wa migodi kaskazini mwa Kanada, katika nyumba yenye uhaba. Jina la Twain ni la baba yake wa kambo, Mwojibwa, mmoja wa wenyeji wa asili wa huko. Mwaka 1987 mama na baba huyo walikufa katika ajali ya gari, naye akiwa na miaka 22 akawalea wadogo zake kwa mshahara wa kuimba kila usiku katika hoteli ya kitalii ya Deerhurst. Hapo aliimba kila kitu: pop, nyimbo za jukwaa la maonyesho, kantri. Ni shule nzuri kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mtalii aliyeketi mezani hajali mipaka ya vituo vya redio.

Albamu yake ya kwanza, ya 1993, ilikuwa na wimbo mmoja tu alioshiriki kuuandika. Lange aliisikia, akampigia simu, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wameoana. Nyimbo zote 16 za "Come On Over" waliziandika wawili hao, jambo lisilo la kawaida Nashville, mji ambao waimbaji wengi huchagua nyimbo kwa watunzi wa kulipwa.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Studio hurekodi kila chombo katika njia yake, kwa hiyo fidla inaweza kuzimwa bila kugusa sauti ya mwimbaji. Lakini nyimbo nyingi za kantri zikiondolewa fidla hubaki uchi, maana fidla ndiyo iliyokuwa ikibeba nusu ya hisia. Twain na Lange waliandika ili hisia ibebwe na mahadhi yenyewe: beti fupi, kiitikio kinachokuja mapema, waitikiaji wanaomjibu mwimbaji na kuziba kila upenyo. Ukiimba "You're Still the One" kwa gitaa moja bila kitu kingine, bado ni wimbo kamili. Wimbo huo ulishika namba moja katika chati ya kantri, ukafika namba mbili katika Hot 100, chati kuu ya singo ya Billboard, ukaleta tuzo mbili za Grammy mwaka 1999.

Maudhui pia yalisafiri vizuri. "Honey, I'm Home" unageuza hadithi ya kale: safari hii ni mke anayerudi nyumbani kutoka kazini amechoka akitaka kuhudumiwa. "Black Eyes, Blue Tears" unamhusu mwanamke anayeondoka kwa mume anayempiga. "That Don't Impress Me Much" unawashusha wanaume watatu wanaojipenda kupita kiasi. Hakuna linalohitaji farasi wala shamba la Texas kueleweka, na anayezichukulia nyimbo hizi kuwa mzaha wa juujuu hajaisikiliza albamu hadi mwisho.

Kati ya nyimbo hizo 16, 12 zilitolewa kama singo. Nyingine zilipelekwa kwanza kwa kantri, nyingine kwa pop, nyingine kwa zote mbili zikiwa na sauti tofauti. Huko Uingereza, nchi ambako kantri haikuwa na redio kubwa, "Come On Over" ikawa albamu iliyouzwa zaidi mwaka 1999.

Lawama zilikuwa kali. Nashville kulikuwa na waliosema Twain ni kazi ya studio tu, hasa kwa kuwa hakufanya ziara baada ya "The Woman in Me" ya 1995, iliyouza mamilioni. Mei 1998 alianza ziara yake kubwa ya kwanza huko Sudbury, katika Ontario alikokulia, na shutuma hiyo ikakosa miguu. Lawama nyingine, kwamba alikuwa akiiharibu kantri, ni dhaifu kihistoria. Ukitumia kipimo hicho, Patsy Cline pia aliiharibu.

Mwaka 2002 yeye na Lange waliupeleka ufundi huo hadi mwisho wake. Albamu "Up!" ilitolewa kwa diski tatu za rangi tofauti: nyekundu ya pop, kijani ya kantri, na bluu yenye ladha ya muziki wa filamu za Kihindi, zote zikiwa na nyimbo zilezile. Waliofuata walirahisishiwa njia. Taylor Swift alianza katika kantri, na baadhi ya nyimbo zake zikachanganywa upya kwa ajili ya redio za pop, na mwaka 2014 akahamia pop moja kwa moja kwa "1989". Kacey Musgraves aliweka vinanda vya disko kando ya banjo katika "Golden Hour" ya 2018, safari hii katika toleo moja tu, na Grammy ikaitangaza albamu bora ya mwaka. Wasikilizaji wake wengi walimpata kupitia simu na intaneti, ambako hakuna mkurugenzi wa kituo wa kuuliza fidla iko wapi.