Injini Iliyofichwa Chini ya Paa

Mtu akitaka kuisafisha injini ya motakaa hufungua boneti, naye huiona yote mbele ya macho yake. Lakini ziko motakaa ambazo ukifungua boneti hukuti injini, bali mahali pa kuwekea mizigo. Ukizunguka nyuma ukafungua buti, huko nako huioni. Mojawapo ni Porsche Boxster ya Ujerumani, motakaa ndogo ya watu wawili, yenye paa la turubai linalokunjika. Hapa nitaeleza ile ya kwanza, iliyoanza kuundwa mwaka 1996.

Injini yake imelazwa nyuma ya viti na mbele ya ekseli ya nyuma. Ina silinda sita, tatu kushoto na tatu kulia, na pistoni zake huenda na kurudi ubavuni mithili ya mabondia wapiganao ngumi. Ndiko lilikotoka neno "Box" katika jina lake. Faida ya kuiweka hapo ni kwamba uzito hukaa katikati, na motakaa hukata kona bila kuyumba. Hasara humwangukia mwenye kuisafisha. Katika buti ya nyuma ameachiwa vifuniko vya kutilia oili na maji, basi. Injini yenyewe wahandisi wameificha kama bibi kizee afichavyo fedha chini ya godoro.

Njia ya kuifikia ni kupitia paa. Injini iwe imepoa kabisa, na breki ya mkono ivutwe. Fungua komeo la paa lililo juu ya kioo cha mbele, kisha bonyeza swichi mpaka kifuniko kikubwa cha nyuma kiinuke na turubai lilegee. Hapo simamisha, uchomoe ufunguo. Viachanishe viungo vinavyolivuta turubai kwa nyuma, uliinue upande huo kuelekea mbele, ulifunge kwa kamba lisianguke. Kazi hii yataka watu wawili na subira, maana zile za kwanza zilikuwa na dirisha la nyuma la plastiki, nalo likikunjwa vibaya hupasuka. (Kioo halisi kilikuja mwaka 2002.) Ondoa zulia lililo chini yake, fungua vifungo vya kifuniko cha injini, ukitoe. Ndipo utaiona.

Sasa utatamani kuleta mpira wa maji. Hasha! Maji ya nguvu yakiingia katika alteneta au maungio ya nyaya, utajuta. Tumia brashi, matambara na dawa ya kuyeyusha grisi, kidogo kidogo. Ukikuta oili mbichi, usiifute kabla hujatazama inatoka wapi.

Lakini uchafu wa kuogopwa zaidi, kwa maoni yangu, si ule mweusi wa injini. Ni majani makavu. Pembeni mwa mahali linapokunjiwa paa mna vitundu vya kutolea maji ya mvua. Vikiziba, maji huingia ndani na kulowesha zulia la sakafuni, na chini ya kiti mna kisanduku cha umeme kinachotawala kufuli na kuwaka kwa injini. Kikilowa, motakaa hugoma kuwaka, na kukibadilisha ni ghali sana. Kwa hiyo, kabla ya kulirudisha turubai, okota majani yote kwa mkono, umimine kikombe cha maji katika kila kitundu, uiname utazame kama yanadondoka chini.