Dubai inakodisha jangwa, hadithi ni ya nani?

Mtayarishaji wa filamu akifika Dubai hakosi wa kumpokea. Ipo tume ya filamu tangu 2012, zipo studio za Dubai Studio City, na jangwa haliko mbali. Tom Cruise alipanda Burj Khalifa kwa ajili ya Mission: Impossible – Ghost Protocol ya 2011, Star Trek Beyond ya 2016 ikaigeuza minara ya mji kuwa kituo cha angani. Ni biashara ya kukodisha mandhari: mwenye hadithi huja nayo, hupiga picha, huondoka nayo. Jirani wa Dubai, Abu Dhabi, hurejesha asilimia 35 au zaidi ya matumizi tangu Januari 2025, ila swali lake ni moja: umetumia kiasi gani kwetu?

Australia huuliza na la pili: hadithi ni ya nani? Mgeni hurejeshewa asilimia 30, lakini filamu ya sinema ikithibitika kuwa ya Kiaustralia, mtayarishaji hurejeshewa 40. Hapo riwaya ya nyumbani hugeuka mtaji. The Dressmaker ya 2015, kisa cha mapenzi na kisasi cha miaka ya 1950 kilichotokana na riwaya ya Rosalie Ham, iliingiza takriban dola milioni 20 za Australia katika kumbi za huko. Nyota wake, Kate Winslet, ni Mwingereza. Hilo halikuizuia kuwa mali ya Waaustralia.

Filamu ya zama zilizopita kama hiyo hula fedha kwenye nguo, magari na hasa mitaa. Dubai imebakiwa na mtaa wa kale wa Al Fahidi. Al Seef ni majengo mapya yaliyovishwa uzee. Unguja ina Mji Mkongwe mzima, na riwaya ya kuiingiza ndani yake. Amil Shivji alifanya hivyo mwaka 2021 kwa Vuta N'Kuvute ya Shafi Adam Shafi: Yasmin na Denge, mapenzi na siasa chini ya Waingereza. Ikaonyeshwa Toronto, na 2022 Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar.

Tatizo la filamu za aina hii huanza matamasha yakiisha. Tamasha la Dubai, lililokuwa na tuzo za Asia na Afrika, halijafanyika tangu 2017. Kumbi ndizo zilizobaki, nazo hufuata tiketi: sinema za Kihindi na Kimalayalam hupata nafasi kwa sababu wenyewe wamejaa mjini. Waswahili wa Dubai ni wachache zaidi, lakini ukiwaunganisha na wale wa Muscat wenye asili ya Unguja, maonyesho machache ya mwisho wa wiki, yenye tafsiri ya Kiarabu chini ya picha, yanauzika. Msambazaji wa Dubai ashawishiwe kwa hesabu hiyo, si kwa huruma.

Nyumbani Tanzania, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hukopesha wasanii. Mkopo hudaiwa hata ukumbi ukiwa mtupu. Dodoma iongeze marejesho ya sehemu ya gharama kwa filamu zinazotokana na riwaya zetu, kabla mgeni hajanunua haki za riwaya hizo.